Mtunza Joto wa Belmar

Kazimiera Drozdek, au Kazia, aliwajua watu wa jengo la Belmar kwa viatu vyao. Dirisha la chumba chake lilikuwa juu kabisa ya ukuta, karibu na dari, na lilitazama njia ya wapita kwa miguu, kwa hiyo dunia yote ilimpitia kuanzia magotini kushuka chini. Viatu vya ngozi vyenye kisigino kilicholika upande mmoja, huyo muuza bima wa ghorofa ya pili. Buti za manyoya zinazokanyaga kwa hasira hata pakiwa hapana aliyezikosea, huyo Bi Imogene Tolliver wa ghorofa ya nne, aliyefundisha piano mpaka vidole vikamgomea. Nyuso aliziona pia, watu waliposhuka kulalamika, lakini hakuzihusudu sana. Alisema uso unaweza kuuvisha tabasamu, kiatu huwezi.

Chumba chenyewe kilikuwa na jiko, meza, kitanda, picha ya Mama Bikira wa Częstochowa mwenye uso mweusi, na mlango wa chuma uliofungukia moja kwa moja kwenye chumba cha boila, lile tanuri la kuchemshia maji yanayopasha jengo joto. Hawakukilipia kodi. Kilikuja na kazi ya mumewe Bolek, mtunza jengo, na siku kazi ikiondoka na chumba kingeondoka nayo. Hapo ndipo shida yote ilipolala.

Bolek alipomwoa, kule kusini mwa Milwaukee ambako hata mchinja nyama anakuuliza hali kwa Kipolandi, alimwahidi kwamba wangekaa chini ya Belmar msimu mmoja tu. Wapumue kidogo, kisha watafute nyumba yenye dirisha la kuona watu wazimawazima. Lakini msimu, kwa watunza joto wa mji ule, si wiki mbili za mchezo. Unaanza majani yakianguka, na hauishi mpaka maua ya zambarau yachanue uani mwezi wa Mei, na muda wote huo moto hauachwi peke yake. Mmoja akitoka, mwingine anabaki. Harusi walikwenda kwa zamu: Kazia kanisani, Bolek kwenye karamu. Siku za Ijumaa mji mzima ukitoka kwenda kula samaki wa kukaanga, wao walikula wa kwao aliyefungwa kwenye gazeti, keshapoa. Msimu ukazaa msimu. Watoto hawakujaliwa, walijaliwa boila. Na Kazia, aliyeshuka ngazi zile akiwa msichana wa kucheza polka mpaka soli zitoboke, alikuwa sasa mwanamke mwenye mvi na magoti yanayolia, naye alikichukia chumba kile kwa moyo wake wote, wala hakumficha mtu.

Bolek hakukichukia. Yeye alikuwa na Padri.

Padri ilikuwa vali. Alimwita hivyo kwa sababu ya kofia yake pana ya chuma, na kwa sababu, kama alivyopenda kusema, ndiye aliyekuwa anaamua nani aende motoni. Maji yalizunguka Belmar mchana na usiku, yakisukumwa na pampu. Yalipanda hadi kwenye rejeta zilizokaa chini ya madirisha ya vyumba, yakaacha joto lao huko, yakarudi chini yamepoa. Yakifika chini yalikuta njia panda. Njia moja ilipita ndani ya boila, yakapate moto upya. Ya pili ilikuwa ya mchepuko. Ililikwepa boila na kuyarudisha juu vilevile yalivyokuja. Padri alikaa hapo katikati. Ndani ya kofia yake mlikuwa na ngozi ya mpira, na hewa iliyoshindiliwa ilipoijaza ngozi ile, ilisukuma ulimi wa vali na maji yakapelekwa mchepukoni. Hewa ikipungua, springi nene iliurudisha ulimi na maji yakaenda kwenye moto.

Hewa ilitoka kwenye tangi lililokuwa pembeni, ikapita kwenye kibomba cha shaba chembamba kama mrija wa soda. Kibomba hicho kilikuwa na tawi lililotoboa ukuta wa kaskazini likaishia nje, kwenye kidude kidogo kilichonusa hali ya hewa. Nje kukiwa na joto, kidude kiliibana hewa ibaki ndani, na Padri akachepusha maji. Baridi ikikaza, kidude kiliiachia hewa ivuje, na springi ikafanya kazi yake. Hakuna mtu aliyehitaji kugusa kitu.

"Na hewa ikiisha kabisa je?" Kazia aliwahi kumwuliza mumewe, zamani, walipokuwa bado wanaulizana mambo.

"Ikiisha kabisa, maji yote yanaenda motoni. Waliomtengeneza Padri walikuwa watu wa huku huku. Walijua mtu akizidiwa na joto atafungua dirisha. Sasa akiganda, utamfungulia nini?"

Wiki ya kwanza ya Majilio, Bolek alianguka kwenye sakafu ya chumba cha boila na kopo la kahawa tupu mkononi. Kiharusi. Hospitali walimrudisha akiwa amepooza mkono wa kulia na mguu wa kulia, na maneno yote yamemtoka isipokuwa moja. Neno hilo lilikuwa "kesho". Akiwa na kiu alisema kesho. Akiumwa, kesho. Kazia akimfunika vizuri, alimshukuru kwa kesho. Kwa mwanamume aliyemwahidi mkewe maisha mazima kwamba kesho watahama, Kazia aliona Mungu amefanya mzaha wa kikatili, na alimwambia Mungu hivyo hivyo, mbele ya picha.

Bwana Haskett, msimamizi aliyekuja kila Ijumaa kwa niaba ya wenye jengo, aliambiwa kwamba Bolek anaumwa mgongo. Alikuwa mtu mrefu mwenye kikohozi, si mbaya wala si mwema, na aliuliza swali moja tu.

"Nyumba itakuwa na joto?"

"Itakuwa na joto, bwana."

"Basi apone taratibu."

Kazia hakudanganya kwa kupenda. Alijua kitakachofuata ukweli ukijulikana. Mtunza jengo mwingine angeletwa pamoja na vitanda vyake, na Bolek angepelekwa nyumba ya wazee ya kaunti, ng'ambo ya mji. Kazia aliwahi kumtembelea shangazi yake kule. Vitanda safu kwa safu, na watu wakitazama dari kama wamewekwa stoo. Shangazi aliingia kule akiwa anaongea, na hakutoka akiwa anaongea, wala hakutoka. Kwa hiyo Kazia aliapa kwamba nyumba itakuwa na joto, na Bolek atabaki kitandani mwake, hata kama yeye mwenyewe asingeiona tena barabara hadi Mei.

Mdogo wake, Jadzia, hakukubaliana naye. Jadzia aliishi kaskazini, Pulaski, kwenye nyumba ya mbao yenye kuku uani na madirisha pande zote nne, na alipiga simu kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana.

"Dada, utajiua humo shimoni. Mpeleke kaunti, wewe uje huku. Chumba kipo, kimeshatandikwa."

"Na Bolek?"

"Bolek hata hajui yuko wapi."

"Anajua."

"Anasema kesho tu, wewe mwenyewe umeniambia."

"Anasema kesho, lakini ananitazama."

"Haya. Mie nimesema. Chumba kipo."

Na Kazia alikifikiria chumba kile kuliko alivyokiri. Alikuwa akikiona hata anapomenya viazi: pazia jeupe, jua la asubuhi, kuku. Kisha pampu ya hewa ilinguruma nyuma ya mlango wa chuma, naye akakumbuka aliko.

Kilichomshangaza ni kwamba kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Vipimo vilikaa palepale. Boila lilijiwasha na kujizima. Padri alisogeza ulimi wake bila kuombwa. Wiki zikapita, Krismasi ikapita, na Kazia akaanza kumtania mumewe.

"Ndiyo hii iliyokuwa inakutoa jasho miaka yote? Bwana wee, ulikuwa unatudanganya. Hii hata paka angeiendesha."

Bolek alimtazama kwa jicho lake zima, kisha akafanya kile kitendo chake.

Maana alikuwa na kitendo. Kila asubuhi Kazia alimkalisha mezani, akamwekea kikombe cha kahawa kwenye mkono wa kushoto. Bolek angeutazama mlango wa chuma, angemtazama mkewe, kisha angekiinamisha kikombe taratibu na kuimwaga kahawa yote sakafuni. "Kesho," angesema. Mara ya kwanza Kazia alidhani mkono umeteleza. Mara ya pili alidhani kahawa ni ya moto mno. Akaipoza, ikamwagwa. Akatia sukari, ikamwagwa. Siku moja alimpigia kelele, akamwambia yeye si mtumwa wake wa kupiga deki, na Bolek akatokwa na machozi upande mmoja wa uso. Kuanzia siku hiyo alimnywesha kwa kijiko na kikombe akakiweka mbali. Bolek akageuzia uso ukutani. Kazia alilia pia, lakini jikoni, akiamini kwamba akili ya mumewe imefuata maneno yake.

Baada ya sikukuu ya Wafalme Watatu, mwanzoni mwa Januari, kulikuja siku za ukungu. Ziwa lilipumua unyevu juu ya mji, theluji ikageuka uji, na kuta za chumba cha chini zikatoa jasho. Kisha, siku moja kuamkia Ijumaa, upepo ukageuka ukaja kutoka kaskazini, na kila kilichokuwa kimelowa kikawa jiwe.

Kazia aliamshwa na vijiko. Watu wa Belmar walikuwa na desturi yao: mtu hakushuka ngazi zote zile kuomba joto, aligonga rejeta kwa kijiko na sauti ikashuka na bomba mpaka chini. Kugonga mara moja, nina baridi. Mara mbili, joto limezidi. Asubuhi ile viligonga vyumba vyote, moja, moja, moja, kila mtu kwa wakati wake, mpaka mabomba yakawa kama duka la fundi bati.

Alikimbilia chumba cha boila na gauni la kulalia. Boila lilikuwa la moto hata halishikiki. Lakini bomba la kupanda juu lilikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa. Alimtazama Padri. Ulimi ulikuwa umekazana upande wa mchepuko. Alitazama kipimo cha hewa, na mshale ulikuwa umepanda juu kabisa, kama siku ya jua la Mei. Maji yalikuwa yakizunguka na kuzunguka, yakipita kando ya moto bila kuugusa, na kila mzunguko yalizidi kupoa.

Akafanya alichojua. Aliongeza moto wa boila, na boila likazidi kuwaka bure. Alimgonga Padri kwa mpini wa nyundo. Alimsihi, alimtukana, kwa Kipolandi na kwa Kiingereza. Ulimi haukusogea.

Mlango wa ngazi ukafunguka, na buti za manyoya zikaingia zikiwa na mwenyewe juu yake. Bi Tolliver alikuwa amevaa koti mbili na kofia ya usiku.

"Kazia, mwanangu, piano yangu inatetemeka kuliko mimi."

"Nalishughulikia, Bi Tolliver."

"Bolek yuko wapi?"

"Yuko ndani. Na mgongo wake."

"Mgongo ulioanza kabla ya Krismasi? Ungekuwa mtoto, ungeshaota meno."

"Naomba unipishe, mama'angu, nina kazi."

"Sikupishi. Haskett anakuja leo. Nami siwezi kumdanganya mtu bila kujua namdanganyia nini, nitachanganya."

Kazia alisimama katikati ya mlango wa chuma, mikono ameitanua, ili mwanamke yule asione ndani. Lakini midomo ilimcheza, na Bi Tolliver, ambaye alitumia maisha yake kuwatazama watoto ambao hawakufanya mazoezi, aliisoma.

"Hawezi kusimama?" aliuliza polepole.

Kazia akatikisa kichwa.

"Wala kusema?"

"Neno moja."

Bi Tolliver akafunga kifungo cha koti la juu. "Haskett hawezi kukataa keki. Nitamshika kwangu kadiri atakavyoshikika. Ila na yeye ana ngozi, ataisikia baridi. Fanya haraka."

Kazia alirudi chumbani, akamkalisha mumewe mezani, akaketi mbele yake. Hakuwa na pengine pa kwenda. Kule juu vijiko viliendelea. Kidogo watu wangeanza kupiga simu, na kidogo tu baadaye maji yangeanza kuganda kwenye rejeta za vyumba vya kaskazini na kuzipasua, na hapo yeye na Bolek wasingeulizwa habari za mgongo. Wangetolewa. Alijimiminia kahawa, akaona mkono wa kushoto wa Bolek umenyooshwa, unaomba.

"Unataka? Haya chukua. Imwage. Si ndiyo kazi uliyobaki nayo?"

Bolek akachukua. Akautazama mlango wa chuma, akamtazama mkewe, akaimwaga.

Siku nyingine zote Kazia aliinama mara moja na tambara. Leo hakuwa na nguvu za kuinama, basi aliitazama tu. Sakafu ile ilikuwa na mteremko mdogo, na kahawa ikatambaa, ikapita chini ya mlango wa chuma, ikaingia chumba cha boila. Macho yake yakaifuata. Ikapita kando ya tangi la hewa. Na pale chini ya tangi kulikuwa na kopo la kahawa, lile lile ambalo Bolek alianguka nalo, ambalo mtu fulani aliliokota akalirudisha mahali pake. Juu ya kopo, kwenye kitako cha tangi, kulikuwa na kijibomba chenye kishikio cha shaba kilichong'aa kwa kushikwashikwa.

Ndipo alipoikumbuka ile sauti. Kila asubuhi ya ndoa yake, akiwa bado kitandani, kabla Bolek hajanywa kahawa yake, aliisikia ikitoka nyuma ya mlango: fsss. Aliizoea kama mtu anavyozoea kukoroma kwa mwenziwe. Na tangu Majilio hakuwa ameisikia, wala hakutambua kwamba haisikii.

Akaenda akapiga magoti, akakifungua kijibomba. Haikutoka hewa. Yalitoka maji, mekundu kwa kutu, yakajaza kopo, yakajaza ndoo, yakaendelea. Mwaga maji kwanza, ndivyo kikombe kilivyokuwa kinamwambia kila asubuhi. Hewa ikishindiliwa hutoa jasho, na jasho lote la wiki zile lilikuwa limejikusanya tangini, likazidi, likaanza kusafiri kwenye kibomba cha shaba pamoja na hewa. Alikifuata kibomba kwa kidole mpaka kwenye ukuta wa kaskazini. Pale kilipoingia ukutani, kilikuwa kimeota ukoga mweupe wa barafu.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Barafu imeziba, na kidude cha nje kimejaribu kuiachia hewa itoke nacho kimeshindwa. Hewa ilikuwa imenaswa mle ndani, haina pa kwenda mbele, haina pa kurudi, na kwa sababu haikuweza kutoka, ilimkandamiza Padri na kuwagandisha watu wa nyumba nzima.

"Bolek," aliita kutoka chumba cha boila. "Bolek, mume wangu, nisamehe."

"Kesho," alijibu Bolek.

Kujua si kuweza. Kazia hakujua afungue wapi, wala kwa kiasi gani. Alichukua shuka, akamfunga Bolek kiunoni na kifuani kwenye kiti ili asidondoke, akakiburura kiti hadi kwenye kizingiti cha mlango wa chuma. Miguu ya kiti ilipiga kelele sakafuni. Bolek alikiona chumba chake cha boila kwa mara ya kwanza tangu aanguke, akashusha pumzi.

Kazia alishika hiki, akamtazama. Mkono wa kushoto ukakataa. Akashika kile, ukakataa. Akashika bomba dogo la kufungia hewa itokayo tangini, na mkono ukazunguka hewani: funga. Akafunga. Akaweka spana kwenye nati iliyokuwa chini ya kofia ya Padri, na mkono ukashuka kidogo, kiganja chini, ukatulia hapo. Polepole. Akalegeza robo ya mzunguko. Hewa ikaanza kutoka kwa mluzi mwembamba.

Kazia aliusikiliza mluzi ule akaona wivu. Ndiyo, aliionea wivu hewa, mwanamke mzima mwenye spana mkononi; ile inatoka.

Ulimi ukasogea upana wa ukucha mmoja. Maji ya moto yakagusa bomba baridi, na Belmar yote ikashtuka kwa mshindo mmoja kuanzia chini hadi paa. Kiganja cha Bolek kikainuka: ngoja. Akakaza. Wakangoja, mabomba yakalalama yakanyamaza. Kiganja kikashuka, akalegeza. Hivyo hivyo, kidogo kidogo, yeye akiwa mikono na Bolek akiwa kichwa, mpaka springi ikamaliza safari yake na bomba la kupanda likawa la kuunguza. Vijiko, kimoja baada ya kingine, vikaacha.

Alipogeuka kufuta jasho, Bwana Haskett alikuwa amesimama kwenye ngazi, kofia mkononi na chembe za keki kwenye kola. Kazia hakujua amekuwapo pale kwa muda gani. Haskett alimtazama Bolek, shuka lililomfunga, mdomo uliopinda, mkono wa kulia uliolala mapajani.

"Huo ndio mgongo?" akasema.

Kazia alisimama mbele ya kiti cha mumewe na spana, na Haskett akapiga hatua moja nyuma.

"Weka hiyo chini, Bi Drozdek. Sikuja kupigana." Akakohoa kwa muda. "Nani anaendesha nyumba hii?"

"Yeye."

"Kwa mikono ipi?"

"Yangu."

Haskett akasogea, akaweka kiganja karibu na bomba la kupanda, akakitoa upesi. Akatazama lile kopo na ndoo ya maji ya kutu.

"Hukuwa unatoa maji ya tangi."

"Sikujua."

"Ungetupasulia rejeta zote."

"Najua sasa."

"Sasa." Akavaa kofia, akaivua tena. Ilionekana wazi kwamba hakupenda kutafuta mtunza jengo mwingine katikati ya Januari, na pengine, sitaki kumnyima haki yake, hakupenda pia lile shuka. "Sikiliza. Kazi nitaiandika kwa jina lako. Chumba kitabaki chenu, na yeye atabaki chumbani. Lakini yeye alikuwa na wewe wa kumshikia zamu, wewe huna mtu. Moto ukiwaka, hutoki jengoni. Si kanisani, si kwa ndugu, si popote. Mwaka huu, na mwaka ujao, na kuendelea. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Unakubali?"

Alikuwa ameshinda. Alichokipigania tangu Majilio kilikuwa mbele yake, na Bolek nyuma yake alikuwa akipumua kwa sauti. Kazia aliona pazia jeupe na kuku wa Pulaski, akawaaga.

"Nakubali," akasema.

Haskett aliondoka, na baadaye kidogo Kazia aliviona viatu vyake vikipita dirishani, vikiteleza kwenye barafu.

Mchana alikanda kibomba kwa matambara ya maji moto mpaka barafu ikayeyuka, akaipuliza njia, akakaza nati, akairudishia Padri hewa yake. Jumamosi Jadzia alipiga simu, na Kazia alimweleza yote, kwa ufupi, kama mtu anayesoma tangazo.

"Kwa hiyo chumba?" Jadzia aliuliza.

"Kitandue."

"Nani amekufunga, dada? Niambie mtu mmoja aliyekufunga."

Kazia alitafuta mtu huyo na hakumpata. "Nikikata simu usilie," akasema, akakata.

Kesho yake, Jumapili, kengele za kanisa zilikuwa zikilia mitaa miwili tu kutoka pale, akiwa amepiga magoti chini ya tangi. Alifungua kijibomba. Yalitoka maji ya kijiko kimoja, kisha hewa safi: fsss. Alipogeuka, Bolek kitandani alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

Akamkalisha mezani. Akasita, kisha akamwekea kikombe kwenye mkono wa kushoto, kimejaa, na akasogeza miguu yake mwenyewe pembeni. Bolek akautazama mlango wa chuma. Akamtazama mkewe. Akakiinua kikombe kwa shida hadi mdomoni akanywa, nyingine ikimchuruzika kidevuni, akanywa mpaka mwisho, kisha akakipindua juu chini mezani ili aone kwamba hamna kitu.

Kazia alicheka, na kicheko kikamgeuka katikati. Alikaa pale, amemshika mkono ule mzuri, akilia kwa ajili ya kikombe kitupu na kwa ajili ya kuku ambao hatawaona. Nje dirishani viatu vya kwenda misani vilipita jozi mbili mbili.

Bomba likagonga. Mara mbili. Hiyo ilikuwa ghorofa ya nne. Bi Tolliver sasa alikuwa anaona joto.

"Kesho," akasema Bolek, akimfinya vidole.

"Ndiyo, mzee wangu," akasema Kazia. "Kesho." Akauachia mkono wake, akainuka, akaenda kumtazama Padri.